Tanga hadi Dar kwa ndege: kilomita 199 na dakika zake

Ukiuliza simu yako umbali wa ndege kati ya Tanga na Dar es Salaam, utajibiwa kilomita 199, pengine 198, na muda wa kama dakika 45. Kilomita hazina ubishi. Dakika ndizo zenye kesi, maana hakuna aliyezipima: zimetokana na hesabu ya jumla ambayo haijui ni ndege gani inatua Tanga wala inapita wapi.

Tuanze na kilomita, kwa sababu mtu yeyote mwenye kikokotoo cha simu anaweza kuzipata mwenyewe bila tovuti. Unachohitaji ni mahali viwanja vilipo kwenye ramani ya dunia. Uwanja wa Tanga uko nyuzi 5 na dakika 5.5 (dakika hapa si ya saa, ni sehemu ya sitini ya nyuzi) kusini mwa ikweta, na nyuzi 39 na dakika 4.3 mashariki. Uwanja wa Julius Nyerere uko nyuzi 6 na dakika 52.7 kusini, nyuzi 39 na dakika 12.2 mashariki. Uzuri ni kwamba dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, yaani mita 1,852, na maili hiyo ndiyo wanayotumia marubani. Kwa hiyo toa tu: kutoka 5°05.5′ hadi 6°52.7′ ni dakika 107.2, basi ni maili 107.2 kwenda kusini.

Upande wa mashariki tofauti ni dakika 7.9. Mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyoondoka ikweta, ndiyo maana tofauti hiyo huzidishwa kwa kosini ya latitudo. Hapa kwetu kosini ni 0.995, kwa hiyo hakuna kinachobadilika. Sasa tumia kanuni ya pembetatu mraba ya shuleni: 107.2 kipeo cha pili, jumlisha 7.9 kipeo cha pili, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Jibu ni maili 107.5. Zidisha kwa 1.852, unapata kilomita 199. Kwa umbali mfupi namna hii na karibu hivi na ikweta, huna haja ya kanuni ndefu za duara.

Ile 198 ya tovuti nyingine si kosa. Dunia si duara kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha. Karibu na ikweta nyuzi moja ya latitudo ina kilomita 110.6 badala ya 111.2 za dunia ya mviringo. Njia ya Tanga na Dar inakwenda karibu kusini tupu, kwenye nyuzi 176 za dira, kwa hiyo inabeba tofauti hiyo nzima, ambayo ni kama kilomita moja. Tovuti inayotumia umbo halisi la dunia itasema 198, inayotumia duara itasema 199. Usigombane na mtu kwa hilo.

Makosa yenyewe yako kwingine. La kwanza ni kusoma 5°05′ kana kwamba ni 5.05. Nyuzi moja ina dakika 60, si 100, kwa hiyo 5°05′ ni 5.083, na 6°52′ ni 6.867. Ukiziandika 5.05 na 6.52, unapata tofauti ya 1.47, na Tanga inasogea hadi kilomita 163 kutoka Dar. Jibu linafanana na la kweli kiasi kwamba hulishtukii, na ndiyo hatari yake.

La pili ni alama ya kutoa. Kwenye kompyuta kusini mwa ikweta huandikwa kwa namba hasi: Tanga ni −5.09, Dar ni −6.88. Ukiisahau alama kwa Tanga na Dar hakuna kinachoharibika, maana zote ziko upande mmoja. Jaribu Dar na Addis Ababa sasa. Addis iko 8.98 kaskazini. Hesabu sahihi inajumlisha 6.88 na 8.98, na umbali unakuwa kilomita 1,760 hivi. Bila alama unatoa badala ya kujumlisha, unapata kilomita kama 240, na Addis Ababa inakuwa jirani wa Dar kuliko Dodoma.

La tatu ni misimbo ya viwanja, zile herufi tatu. Tanga ni TGT. Mtu akikisia na kuandika TNG, amekwenda Tangier, Moroko. Pemba yetu ni PMA, lakini kuna Pemba nyingine kaskazini mwa Msumbiji, ambayo msimbo wake ni POL. Tovuti zinazotafuta kwa jina tu huwa hazibagui. Kutoka Tanga hadi Pemba ya visiwani ni kilomita 84. Kutoka Tanga hadi Pemba ya Msumbiji ni karibu 890. Ukiona tovuti inakwambia safari ya kwenda Pemba ni zaidi ya saa moja na nusu, jua imekupeleka kwa Wamakonde. Na anayekwenda Arusha aangalie pia: ARK ni uwanja mdogo wa Arusha mjini, JRO ni Kilimanjaro, na mtu anayekusubiri kwenye kimoja hawezi kukuona ukishukia kingine.

Dakika zinatoka wapi

Tovuti nyingi huchukua kasi ya maili 500 za nchi kavu (si za baharini) kwa saa, yaani kilomita 805, wanagawanya umbali kwa kasi hiyo, halafu wanaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Hiyo ni hesabu ya ndege kubwa ya jeti inayokwenda mbali. Kwa Tanga na Dar inatoa dakika 15 jumlisha 30, ndiyo hizo 45.

Ndege inayofanya kazi ya pwani hii mara nyingi ni Cessna Caravan: injini moja ya turbini yenye propela mbele, mabawa juu, abiria kumi na mbili au kumi na watatu, na baadhi ya mizigo kwenye podi chini ya tumbo. Kasi yake angani ni noti 160 hadi 175, yaani maili za baharini kwa saa. Tuchukue 165, ambazo ni kilomita 306 kwa saa. Halafu kila kipande cha safari kipewe dakika 10 za kutembea ardhini, kupanda, kujipanga na kutua. Kiwango hicho kinatosha kwa viwanja vya kwetu visivyo na foleni, ingawa Dar saa za asubuhi unaweza kuongezewa kidogo ukisubiri ndege kubwa zipite.

Hesabu ni hii: maili 107.5 kwa noti 165 ni dakika 39. Ongeza 10, ni 49. Tovuti ilisema 45. Zinakaribiana, lakini kwa bahati tu, maana makosa mawili yameuana: kasi wameizidisha, na muda wa kupaa na kutua wameuzidisha pia. Ukibadilisha umbali, bahati inakwisha. Kwenda Pemba, kilomita 84, tovuti itasema dakika 36. Caravan inatumia 16 na nusu angani, na ukiweka 10 za kupaa na kutua ni kama 27. Kwenda Kilimanjaro, kilomita 288, tovuti itasema dakika 51, wakati Caravan inahitaji 57 za angani peke yake, yaani 67 kwa jumla, tena bila kuhesabu kwamba mstari huo unapita pembeni ya Usambara ya Magharibi kisha unakatiza milima ya Pare, na rubani lazima awe amepanda juu vya kutosha kabla ya kufika huko. Safari fupi tovuti inairefusha, safari ndefu inaifupisha.

Watu hudhani dawa ni ndege yenye kasi zaidi. Dash 8 Q400, ile ya propela mbili inayobeba zaidi ya abiria 70, inakwenda noti 360. Kwa maili 107 ingetumia dakika 18 angani badala ya 39, kama ingeruka kwa kasi hiyo tangu mwanzo, na haiwezi. Itakuwa bado inapanda ilhali imeshaanza kutafuta kushuka. Utaokoa kama robo saa. Robo saa hiyo mtu anaipoteza akitafuta bajaji Ngamiani, Tanga mjini.

Zanzibar iko njiani, kweli njiani

Hapa ndipo watu wanapodanganyika zaidi. Wakiambiwa ndege inapitia Zanzibar, wanaona kama wanazungushwa. Uwanja wa Zanzibar uko nyuzi 6 na dakika 13.3 kusini, nyuzi 39 na dakika 13.5 mashariki. Fanya hesabu ileile: Tanga hadi Zanzibar ni maili 68.4, sawa na kilomita 127. Zanzibar hadi Dar ni maili 39.4, kilomita 73. Jumla maili 107.8. Moja kwa moja ilikuwa 107.5. Kupitia Zanzibar kunaongeza maili 0.3, haifiki hata kilomita moja. Uwanja uko karibu na mstari wenyewe, na hata ndege isiyotua huko ingeuona upande wake wa kushoto ikienda Dar.

Kinachoongezeka ni kutua na kupaa. Kipande cha kwanza ni dakika 25 na 10 zake, cha pili ni 14 na 10 zake, jumla 59. Halafu weka dakika 20 za kusimama Zanzibar: kushusha, kupakia, kuhesabu abiria, labda na mafuta. Umefika saa 1 na dakika 20. Umbali ni uleule, muda umeongezeka kwa nusu saa.

Kupitia Pemba ni habari nyingine, kule ni kuzungushwa kwa kweli. Tanga hadi Pemba maili 45.3 kwenda mashariki, kukatiza mkondo wa Pemba. Pemba hadi Zanzibar maili 67.7. Zanzibar hadi Dar 39.4. Jumla maili 152.4, kilomita 282. Vipande vitatu vya safari na vituo viwili vya dakika 20, unafika saa 2 na dakika 5. Kwa hiyo safari ya «Tanga–Dar» inaweza kuwa dakika 49 au zaidi ya mara mbili yake, kwa nauli ileile na kwa ndege ileile. Tanga waja leo waondoka leo, lakini uliza kwanza mnapitia wapi.

Na uliza kwa maneno hayohayo: «Inapitia wapi, na inatua mara ngapi?» Usiulize kama ni ya moja kwa moja, kwa sababu wakala wengi wakisikia hivyo wanaelewa kwamba hubadilishi ndege, na watakujibu ndiyo hata kama inatua mara mbili. Kwenye tiketi njia rahisi ni kutoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika. Chini ya saa moja, haisimami popote. Saa moja na kitu, ina kituo kimoja. Karibu na saa mbili, ina viwili. Pia fahamu kwamba mpangilio wa vituo hubadilika kufuatana na abiria waliokata tiketi siku hiyo. Kama hakuna wa Pemba, hawana sababu ya kwenda Pemba. Kwa hiyo mtu anayekupokea asishangae ukifika mapema.

Upepo nao una lake. Njia inakwenda kusini, kwa hiyo kusi, unaovuma katikati ya mwaka, unaikabili ndege usoni kwenda Dar na kuisukuma kurudi Tanga. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ni kinyume chake. Noti 15 za upepo wa mbele zinaishusha Caravan hadi 150 juu ya ardhi, na maili 107.5 zinakuwa dakika 43. Zikiwa nyuma, inakwenda 180, na ni dakika 36. Tofauti ya dakika saba kati ya misimu, basi. Mvua ya masika ndiyo ya kuogopa zaidi kuliko upepo: wingu kubwa la radi halipitiwi katikati, linazungukwa, na kama limekaa juu ya uwanja wenyewe mtasubiri ardhini mpaka liondoke.

Saa ya tiketi na saa ya ukutani

Tanzania nzima hutumia saa ileile, mbele ya saa ya dunia (UTC) kwa saa tatu, na hatusogezi saa mbele au nyuma kufuata majira. Kwa hiyo ndani ya nchi hakuna hesabu ya kuongeza wala kupunguza. Lakini tiketi inaandika 07:30, na hiyo ni saa moja na nusu asubuhi. 13:10 ni saa saba na dakika kumi mchana. Toa sita, au ongeza sita, mradi ujue unafanya nini. Anayechanganyikiwa zaidi ni yule anayefuatilia ndege kwenye programu ya simu, maana baadhi yake huonyesha saa ya dunia: ndege ya 07:30 inaandikwa 04:30. Mtu mmoja anasoma saa kumi na nusu alfajiri, mwingine saa nne na nusu, na ndege ni ileile ya saa moja na nusu. Mnapopeana habari kwa simu, semeni «asubuhi» au «mchana» na mtaje saa ya Kiswahili peke yake.

Jambo jingine ni jioni. Ndege ndogo nyingi huruka kwa rubani kuona kwa macho, na jua Tanga huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, kutegemea mwezi. Safari ya mwisho ya siku ikichelewa na bado ina vituo viwili mbele, nafasi ya kuahirishwa hadi kesho inakuwa kubwa. Ukiwa na ndege ya nje ya nchi usiku kutoka Dar, chukua ya asubuhi.

Mlango hadi mlango

Barabara ya Tanga hadi Dar ni kilomita 350 hivi, dhidi ya 199 za angani, kwa sababu unaanza kwa kwenda magharibi mpaka Segera, unashuka Mkata hadi Chalinze, kisha unarudi mashariki kwa Mlandizi na Kibaha. Basi ni saa tano hadi sita ukishuka stendi ya Magufuli, Mbezi. Kutoka pale hadi Kariakoo ongeza saa moja au zaidi.

Kwa ndege yenye kituo kimoja: dakika 15 za bajaji kutoka Ngamiani, dakika 60 za kuripoti uwanjani, saa 1 na dakika 20 ya safari, robo saa ya mizigo, halafu Barabara ya Nyerere, ambayo ni dakika 45 ikiwa na huruma na 90 ikiwa haina. Jumla ni kati ya saa tatu na nusu na saa nne na nusu. Ndege inakuokolea kama saa tatu, si tano kama hesabu ya haraka inavyodai. Kwa mtu anayekwenda Dar mjini tu na hana haraka, tofauti ya nauli haistahili. Kwa anayeunganisha Zanzibar au Pemba ni hadithi nyingine kabisa, kwa sababu kule mpinzani wa ndege si basi peke yake, ni basi pamoja na boti na usiku mmoja wa kulala Dar.

Anayekwenda Moshi asipande ndege kupitia Dar. Tanga–Dar–Kilimanjaro ni kilomita 199 na 450, jumla 649, kwenda mahali palipo kilomita 288. Ukiweka kusubiri Dar katikati, basi la kupitia Korogwe, Mombo na Same, la kilomita 350 hivi, litakuwa limekufikisha umekula na kuoga.

Mizigo: kwenye ndege hizi kawaida ni kilo 15 kwa mtu, begi laini, na kilo za mkononi zimo humohumo. Sanduku gumu lenye magurudumu ndilo linaloleta ugomvi dawatini, hata likiwa na kilo 12. Mlango wa podi ni mdogo na nafasi ndani ni ya kupangilia, kwa hiyo begi linalojikunja linapenya na sanduku halipenyi. Uzito nao si ukali wa mhudumu. Caravan hairuhusiwi kupaa ikizidi tani nne, na kilo hizo zimo ndege yenyewe, mafuta, rubani, abiria na vitu vyao. Ndiyo maana wanaweza kukuomba upande kwenye mzani na wewe, na kukupangia kiti badala ya kukuacha uchague. Mzigo ukizidi na ndege imejaa, begi lako linaweza kufuata kwa safari inayofuata. Dawa, karatasi na chaja viwe kwenye mfuko mdogo unaobaki nao.

Ukitua Dar, ndege ndogo hushushia terminali ya kwanza, ile ya zamani. Safari za nje huondokea terminali ya tatu, iliyofunguliwa mwaka 2019. Ziko uwanja mmoja kwa jina, lakini kati yake ni safari ya gari, si ya kutembea na begi, na dereva wa teksi wa terminali ya kwanza anajua kwamba una haraka. Patana naye kabla ya kufungua mlango, na kati ya kutua kwako na kuondoka kwa ndege kubwa acha saa nne.